Mguu wa Kuku Kwenye Tumbo la Springi

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo wake ulitoka Shungwaya au ulitoka kwa jirani, hayo waulizeni wenye ukoo wao. Mimi nilimjua kwa kelele. Nilikuwa na meza yangu ya mahamri na mbaazi za nazi hapo Msambweni, kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, na yeye alikuwa na kibanda chake cha kufulia vyuma upande wa pili. Nikikanda unga, yeye anagonga. Nikiepua mahamri, yeye anagonga. Watoto wangu wote nimewazaa kwa mdundo wa nyundo ile, na mpaka leo mwanangu wa kwanza hawezi kulala penye kimya. Kaoa mke anayekoroma. Mungu si Athumani.

Tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa tele, wa nguo, wa saa, wa kuezeka makuti, lakini ukisema Fundi peke yake, bila mkia, basi ni yeye. Mikono yake ilikuwa minene kama mapaja ya watu, na mapaja yake membamba kama mikono ya watu. Akitembea ungesema mtu amebebwa na kunguru. Kikoi chake kilitobolewa na cheche mpaka kikawa chujio la tui, na mkewe alikuwa hakifui, akikionyesha maji kwa mbali kisha akikianika.

Kazi yake hasa ilikuwa springi za magari. Kwa asiyejua, springi ni vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, vimelaliana kimoja juu ya kingine huko chini ya gari, na ndivyo vinavyobeba kila kitu, mzigo na watu na maneno ya watu. Siku zile bendera ilikuwa imebadilishwa juzi tu, na lami ilikuwa bado iko njiani inakuja. Barabara yetu ilikuwa ya udongo mwekundu, ina makunyanzi kama shingo ya kobe. Ukipanda gari Msambweni una meno yako yote, ukishuka Likoni unauliza nani ameyaona. Malori ya miwa yalipita hapo, na lile basi letu moja lilipita hapo, na springi zilikatika kama vijiti vya kiberiti. Kila anayekatikiwa alikuja kwa Fundi.

"Chuma hakivunjiki," alikuwa akisema. "Chuma huchoka. Nyinyi mnaona siku kilipokatika, mnasema kimevunjika leo. Kwani mtu akifa kwa uzee mtasema amekufa leo?"

"Amekufa lini basi?" nikamuuliza.

"Alianza zamani, dada. Leo amemaliza tu."

Watu walidhani utaalamu wake uko kwenye moto. Yeye alisema moto ni mpishi tu, akishapika ametoka. Kazi yenyewe ilianza chuma kikishapoa. Hapo alichukua nyundo ndogo, kichwa chake cha mviringo kama kidaka cha nazi, akaketi na kuanza kuidonoa ile springi ikiwa baridi. Hapigi kwa nguvu, anadonoa. Kiduchu karibu na kiduchu, kama kuku kwenye mtama, asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka uso wote wa chuma ukawa na vishimo vidogo vidogo kama mtu aliyepona ndui. Wapita njia walimcheka, wakisema huyu anacheza. Mimi nilijua hachezi, maana akicheza alikuwa anatukana.

"Chuma huanza kufa ngozini," akiniambia. "Ufa huanzia juu, mwembamba kuliko unywele, halafu unajichimbia ndani polepole. Basi mimi naikaza ngozi. Ufa ukija, unakuta mlango umefungwa."

Na alidonoa upande mmoja tu. Ukiiweka springi chini imekaa kama bakuli, upande wa ndani aliuita tumbo, na wa nje aliuita mgongo. Watu walimwambia, Fundi, mbeba mzigo huumwa na mgongo, mbona wewe unapiga tumbo. Akasema huyo ni binadamu. Springi ikikaliwa na mzigo inataka kunyooka, na ikinyooka linalovutwa ni tumbo. Mgongo unabanwa tu, na aliyebanwa hachaniki. Elimu hiyo alisema ameipata kwa mama yake, ambaye alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akishajifungua, mkandaji anaanzia wapi? Tumboni. Basi naye akaanzia tumboni, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kuishia nusu, akaendelea na mengine yote ya uzazi. Springi ikishapigwa ilipakwa mafuta ya nazi, ikafungwa kwa kanga kuukuu ya mkewe, ikalazwa uvunguni. Ilikuwa na arobaini yake. Nikapata kumwona anaifukuzia mbuzi asiiamshe.

Mwenye basi alikuwa mtu wa kanzu nyeupe, hata akija kutazama oili anakuja na kanzu nyeupe. Alisimama mbali akaita.

"Fundi, springi yangu iko wapi?"

"Imelala."

"Hebu iamshe. Abiria wananingoja Likoni."

"Mzazi haamshwi."

"Fundi, hicho ni chuma."

"Na wewe ni nyama. Mbona unalala adhuhuri?"

Basi habari zikaenda kwamba Msambweni kuna mtu anaondoa uchovu kwa nyundo, na unajua habari zikipita vinywa vya watu zinavyonenepa. Akaja mtu kutoka Taru, katembea na kengele ya ng'ombe wake, anasema imechoka kulia. Akaja mvuvi wa Funzi na nanga begani, jasho linamtoka mpaka miguuni. Fundi akamwambia nanga haichoki, maisha yake yote imelala chini, kaitafutie kazi kwanza. Mwanamke mmoja alileta sufuria, na kwa kuwa Fundi siku hiyo alikuwa na hasira na mkewe, akaikubali, akaidonoa, na yule mwanamke akaondoka na chujio. Halafu kuna jirani yangu mmoja, huyo alimleta mumewe. Akamsimamisha mlangoni.

"Fundi, huyu anachoka kabla kazi haijaanza. Mdonoe tumboni."

Fundi alikuwa na ufunguo mkubwa shingoni, umefungwa kwa uzi, wa kufuli ambalo lilipotea zamani. Akamgonga nao yule bwana kifuani, akasogeza sikio, akasikiliza.

"Huyu hajachoka, mama," akasema. "Huyu hajatumika."

Ufunguo huo ndio uliokuwa kipimo chake. Springi ikiletwa aliitundika kwa kamba, akaigonga, akaiambia, "Shikamoo." Nzima iliitikia marahaba ndefu, ngaaa, inakwenda mpaka Gazi inarudi. Yenye ufa ilisema bwe, kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Lakini hakugonga springi tu. Aligonga birika langu, aligonga nazi za watu sokoni, aligonga bakuli la mchuzi arusini mbele ya wakwe. Alimgonga shemeji yake kichwani kila asubuhi, akasema, "Hiki kina ufa."

"Uliingia siku niliyomwoa dada yako," shemeji akamjibu.

Huyo Shemeji, sote tukimwita hivyo hivyo, ndiye aliyekuwa akimvutia mivukuto ya moto. Zamani alikuwa dereva wa lori la miwa. Siku moja, pale barabara inaposhuka kuelekea darajani kabla ya Gazi, springi ya nyuma ilikatika, lori likalala ubavu, miwa ikamwagika mpaka wanafunzi hawakwenda shule kwa kutafuna. Shemeji alitoka mzima ila mguu mmoja ukapona mfupi. Springi ilikuwa ya Fundi. Fundi alisema kosa ni la barabara. Siku nyingine alisema kosa ni la Shemeji, alikuwa anaimba. Siku nyingine alisema pale darajani pana kitu hakipendi miwa. Na Shemeji, badala ya kugombana, akaja kukaa hapo kwenye mivukuto, miaka nenda miaka rudi, akimcheka.

"Nilikuwa naimba, ndiyo," akisema. "Springi yako haikupenda sauti yangu."

Sasa nikwambieni jambo la ajabu la mtu huyu. Yeye aliyetengeneza springi za pwani nzima hakupanda gari. Hata moja. Alisema, "Najua kilichoko chini," basi, amemaliza. Akialikwa arusi Ukunda siku ya Ijumaa, alitoka Jumatano kwa miguu. Sherehe ya uhuru ilipofanywa Kwale alitoka na mapema yake akapanda ule mlima mguu mosi mguu pili, akafika uhuru umeshazeeka, watu wameanza kulalamika.

Na jambo la pili. Alikuwa na kibri, Mungu amsamehe, kibri cha kuwagawia majirani. Kila springi akishaimaliza, ameidonoa, ameipaka mafuta, alichukua tindo yake, ile ya kukatia chuma, akachora alama yake tumboni, karibu na pale katikati inapofungwa. Mikato mitatu ya nguvu, mguu wa kuku. "Ili wajue nani kapita hapa," akisema. Na watu walijua kweli. Kule Likoni abiria walikuwa wanainama kwanza wanachungulia chini ya basi, wakiuona mguu wa kuku ndio wanapanda.

Mambo yakakaa hivyo mpaka alipokuja yule injinia.

Alikuwa kijana kutoka bara, kaletwa kusimamia malori kwenye kiwanda cha sukari. Shati limechomekwa, viatu vya kamba, kalamu mfukoni. Alikuja na gunia zito analiburura, akasimama mbele ya kibanda.

"Habari ya asubuhi, mzee."

Fundi akaendelea kugonga.

"Huyo ukimuuliza habari atakupa kweli, mpaka magharibi," Shemeji akamwambia. "Mwambie shikamoo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete chuma chako."

Kijana akavuka barabara akaja kulifungua gunia mezani kwangu, kwa kuwa ndiyo meza pekee, akasukuma mahamri yangu pembeni. Nilimstahimili, alikuwa ameshanunua. Ndani mlikuwa na vipande vya springi zilizokatika. Fundi na Shemeji wakaja wakasimama.

"Mzee, nimekuja kujifunza," injinia akasema. "Springi zako zinadumu kuliko mpya za dukani Mombasa. Nimeziangalia mwenyewe kwenye malori yetu. Nilikosoma walitwambia hivyo hivyo, ngozi ya chuma ikikazwa hakichoki upesi. Huko Ulaya wana mashine, inazirushia chembe za chuma kama mvua ya mawe."

Fundi akanigeukia mimi. "Umesikia, dada? Wao mpaka mashine. Mimi mkono mmoja."

"Lakini siku zikija kukatika, mzee, kwa nini zinakatika?"

"Barabara mbaya."

"Barabara ni ndefu. Zote zinakatika mahali pamoja."

Akapanga vile vipande viwili viwili, kila kimoja na mwenzake, akaweka kidole. Tukainama sote, vichwa vinagongana. Wallahi, kila springi ilikuwa imepasuka katikati ya mguu wa kuku. Kipande hiki kina ukucha mmoja, kipande kile kina kucha mbili.

Injinia akasema taratibu, kwa adabu, maana aliona neno lake litauma. "Umeikaza ngozi vizuri sana, mzee. Halafu ukaichanja kwa tindo. Ufa haukuwa na haja ya kutafuta mlango."

Fundi aliviangalia vile vipande, akaviangalia, halafu macho yakaondoka mezani yakashuka kwenye mguu wa Shemeji, ule mfupi. Yakakaa hapo.

Shemeji akaukunja mguu nyuma ya mwenzake. "Haya," akasema. "Siku zote nilijiuliza mguu wangu uliliwa na nini. Kumbe kuku."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Fundi alivuka barabara akaingia ndani akafunga mlango.

Kibanda kikawa kimya. Unga wangu ukakataa kuumuka, umezoea nyundo. Mwanangu akawa halali. Mbaazi zikabaki sufuriani, kwa sababu waliokuwa wakija kuzila walikuja kwa kelele za Fundi. Mkewe alinijia kanga kichwani. "Shoga yangu, mume wangu anagonga kuta za nyumba kwa ufunguo, halafu anasema bwe, halafu analala." Nikamwambia muache, kila chuma kina arobaini yake, ingawa yule injinia alishasema mambo ya kulaza springi hayaisaidii springi kitu chochote, yanamsaidia fundi tu.

Asubuhi moja, watu wanatoka msikitini, nikasikia nyundo. Unga ukapanda hapo hapo. Fundi akavuka barabara akaniwekea tindo mezani.

"Chukua. Pasulia nazi."

"Na alama yako?"

"Nimesema pasulia nazi, dada."

Ikawa amefua springi mpya za basi, amezidonoa, amezipaka mafuta, na tumboni safi, hakuna kuku wala kifaranga. Mwenye basi akaja na kanzu yake, akainama kidogo kwa kujihadhari.

"Mguu uko wapi?"

"Haupo."

"Basi hizi si zako."

"Ni zangu."

"Nitajuaje mimi? Abiria watajuaje? Niwaambie kuku ameruka?"

Fundi akaanza kumweleza mambo ya ngozi na ufa na mlango. Mwenye basi akasema yeye hakusoma ngozi, yeye anasoma alama. Kama alama haipo, kesho anakwenda Mombasa kununua springi za dukani, na huko huko ndiko atakakopeleka kazi zote kuanzia sasa. Hilo halikuwa neno dogo. Kila mwenye gari barabara ile alimtazama mwenye basi. Basi likimwacha Fundi, malori yangelifuata, na kibanda kingebaki cha kunolea visu vya kuchinjia. Nilimwona Fundi akitazama tindo yangu pale mezani. Mikato mitatu tu, na kila mtu angerudi nyumbani kwake na furaha. Mkono wake ulijikunja kabisa kama umeishika.

Halafu akautia kwapani. "Sitii alama," akasema.

Shemeji alikuwa kwenye mivukuto. "Mguu wa kuku umekwenda," akasema. "Si mpandishe jogoo mwenyewe?"

Mwenye basi alianza kucheka, halafu akaacha, akafikiri. "Naam. Panda wewe, Fundi. Ukae dirishani, juu ya gurudumu la nyuma, kila safari mpaka mfungo. Watu wakikuona wewe, mtu anayeogopa hata baiskeli, umekaa juu ya springi zako, hiyo ndiyo alama. Usipopanda naenda Mombasa."

Rangi ilimtoka Fundi. Naye alikuwa mweusi kuliko mkaa wake, sijui ile rangi ilitokea wapi wala ilikwenda wapi. Lakini akasema, "Kesho."

Kesho yake tulidhani watu watajaa. Hakuja mtu. Walisimama kando ya barabara, wamekunja mikono, wanatazama. Walisema mtu aliyekataa gari umri wake wote, leo anapanda, ameota kitu huyu, anatafuta wenzake wa kwenda nao. Basi likaondoka na dereva, na mwenye basi amenuna, na Shemeji, na mimi na kikapu changu na sufuria ya mbaazi, kwa kuwa nilisema mtu wa jirani hafi peke yake nami niko. Fundi alipanda kwa mguu wa kulia, na bismillahi iliyosikika Diani. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Nikamuuliza ya nini. Akasema, kama lipo la kuwa, linikute nimeoga.

Tulipoanza kwenda hakukaa kitini. Alipiga magoti akalaza sikio kwenye mbao za sakafu, juu ya gurudumu. Kila shimo tulilopiga alisema, "Marahaba." Tukashika ule mteremko wa kwenda darajani. Shemeji alikuwa akitania tangu Msambweni, pale akaacha. Akashika upande wa kiti kwa mikono miwili. Nilimwona Fundi amenyoosha mkono kule chini alikolala, akamshika Shemeji kifundo cha ule mguu mfupi, akaukamata kama koleo.

Basi likaingia kwenye shimo, shimo la kuzikia ng'ombe wawili na mchungaji wao. Tukasikia kraaak. Mimi nililia mama, dereva akalia mama, na mamake alikuwa amekufa siku nyingi. Basi likayumba, likajiinua, likapanda upande wa pili wa daraja, likasimama.

Fundi hakuinua kichwa. Aligonga sakafu kwa ufunguo, akasikiliza.

"Si yangu," akasema. "Hiyo ni benchi."

Tukageuka. Benchi alilokalia mwenye basi lilikuwa limekatika katikati, na mwenye basi mwenyewe yuko chini, na ile kanzu nyeupe imekaa ndani ya mbaazi zangu.

Kufika Likoni Shemeji alisema safari moja si kitu, na Fundi akakubali, chuma hakichoki safari moja. Basi akaendelea kupanda. Watu wakaanza kurudi, wawili, watano, mpaka basi likajaa. Walikuwa hawachungulii chini tena, walichungulia dirishani, wakimwona Fundi na kanzu ya Idi wanapanda. Na mfungo ulipofika, mwenye basi akamwambia sasa yatosha, Mungu akulipe, shuka. Fundi akakataa kushuka. Alikuwa amelionja gari. Alikuwa anapanda kwenda kununua kiberiti Ukunda. Aliwahutubia abiria habari za matumbo yao, aligonga mizigo yao, alimwambia mjamzito mmoja springi yake iko vizuri. Mwenye basi akanijia mimi nimsaidie kumtoa.

Lile basi lilikufa vipande vipande. Mlango ulianguka, ukafungwa kamba. Honi ilinyamaza, utingo akawa anapiga kelele kwa mdomo. Injini ilibadilishwa, dereva alibadilishwa. Springi zilibaki zile zile, na lilipokwenda kuoza kichakani zilibaki zimelishikilia kama watu wasiojua kwamba msiba umekwisha. Na sasa ona mtihani wa mtu huyu, springi zisipokatika wenye magari hawarudi. Mkewe alikuwa akisema hajapata kuona mtu anayefukuza wateja kwa kuwafanyia vizuri. Alipokosa kazi ndipo akamfulia Shemeji kisigino cha chuma, cha kutia chini ya kiatu, miguu ikawa sawa. Kukidonoa alikidonoa nusu ya wiki. Nilikigeuza nikatafuta mguu wa kuku. Haukuwapo. Kwa Shemeji hakuomba radhi kwa mdomo hata siku moja, na Shemeji hakupita barabarani hata siku moja bila kukigonga kile kisigino kwa nguvu, ko, ko, ko, ili Fundi asikie.

Mara ya mwisho nilikwenda kumtazama na mahamri kwenye kitambaa. Lami ilikuwa imeshafika, malori yanapita kama yanateleza kwenye samli. Fundi alikuwa kitandani, ile mikono minene imekwisha, imekuwa sawa na mapaja. Shemeji alikuwa ameketi miguuni pake. Na nani mwingine namkuta hapo, yule injinia, ana miwani na kitambi, amekuja Diani na wanawe kupumzika akasikia habari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umejifunza sasa. Enhe, huko Ulaya bado wanarusha mawe?"

"Kuna jipya, mzee. Bado wanalijaribu. Wanapiga chuma kwa mwanga. Wana taa, nguvu yake kama radi iliyobanwa ikapita tundu la sindano. Inapiga mara moja, na ngozi inakaza, ndani zaidi hata kuliko nyundo."

Nilidhani atacheka. Fundi alifumba macho.

"Hiyo taa ina kichwa cha mviringo?"

"Haina kichwa, mzee."

"Inapiga wapi?"

"Popote panapovutwa."

"Sema tumboni."

"Tumboni, mzee."

"Hapo sawa." Akapumua. "Na wakishamaliza, wanatia majina yao?"

"Hilo sikuuliza."

"Kaulize. Waambie taa hiyo wasije wakaanza kuandikia."

Shemeji akakigonga kisigino sakafuni. "Na wewe kaburi lako je, Fundi? Nalo tuliache hivyo hivyo, tumbo safi?"

Fundi akafumbua jicho moja. "Kaburi halibebi mzigo, shemeji. Pale wekeni mguu wa kuku mkubwa, uonekane toka Ukunda." Halafu akanigeukia. "Dada, tindo yangu bado unayo?"

"Ninayo."

"Acha kupasulia nazi. Inoe."